Mawese Ndani ya Giaboksi

Wauguzaji wenzangu, habari za nyumbani kwenu na za wagonjwa wenu. Ahsanteni kwa kuniruhusu niongee nikiwa nimekaa, maana magoti yangu hayaelewani na baridi hii. Mwenyekiti ameniomba nieleze tulivyovuka, mimi na mume wangu, halafu akanionya nisiwe mkali. Nitajaribu. Lakini mnaonijua mnajua, nikisimulia jambo lililoniuma sauti inapanda yenyewe. Mkisikia imepanda nivumilieni, sigombani na mtu.

Tena nitaongea sana habari za gari. Najua wengine mtasema, tumekuja kusikia habari za mgonjwa, huyu mama anatuletea habari za spana. Subirini kidogo. Nyumbani kwangu mgonjwa na gari ni habari moja.

Mume wangu ni dereva. Alikuwa dereva tangu sijamjua. Gari letu ni Landrova ya zamani, ile ndefu, iliyopakwa rangi juu ya rangi mpaka hakuna anayekumbuka ya kwanza ilikuwa ipi. Kazi yake ni kushuka Wampembe, kule ziwani, na kupanda. Tunashusha unga, maharage, sabuni na watu, tunapandisha dagaa, migebuka, mawese na watu wengine. Wale mnaoijua ile njia ya kushukia ziwani, mnajua kwamba dereva wa pale hategemei breki. Anategemea gia. Anaingiza gia ndogo akiwa juu kabisa, gari linajishika lenyewe, linateremka polepole mpaka chini. Na mume wangu alikuwa na desturi yake. Akifika pale juu anasimama, abiria wote wanashuka, yeye analala chini ya gari na kupapasa kila mahali aone kama kuna panapovuja. Hata umwambie una mgonjwa, una msiba, atapapasa kwanza. Watu walinung'unika, lakini walifika.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto. Akakiangalia pale chini. Akataka kuniambia kitu, maneno yakatoka yamelegea, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Yaliyofuata mnayajua, hapa wengi mmeyapitia. Hospitali, dripu, kulala sakafuni pembeni ya kitanda cha mgonjwa, kurudi nyumbani na mtu ambaye nusu ya mwili wake haimsikilizi. Upande wa kushoto wote ulikuwa mzito. Mguu anauburuta, mkono unaning'inia, na maneno yanatoka mawili matatu kwa siku, tena kwa shida. Binti wa mazoezi pale hospitali alimpa mpira mdogo awe anauminya kwa ule mkono. Aliuminya mbele ya binti kwa heshima. Tulipofika nyumbani akawapa wajukuu wacheze.

Basi nani aliyekuwa anamtia nguvu? Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hakuwa mimi. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye aliyechukua usukani, na mimi nikamwekea mume wangu kiti barazani, kinachoangalia barabara. Gari likiwa linarudi alilisikia kabla yetu sote. Ungeona amenyanyua mkono wa kulia, amekaa wima, anasikiliza linavyopanda na linavyobadilisha gia. Likiingia uani, shemeji alikuwa lazima aje asimame mbele yake na kumweleza kila kitu, wapi kuna tope, wapi daraja limelegea, gari limelia vipi. Siku hiyo anakula vizuri na kulala vizuri. Mimi nilikuwa napika tu, aliyekuwa anamlisha ni lile gari.

Sasa nakuja kwenye msiba wetu. Shemeji akiwa Wampembe aliona oili inadondoka chini ya giaboksi. Sili, ile raba ya kuzuia oili isitoke, ilikuwa imechoka. Akatafuta oili ya gia, hakuna. Akaulizia kwa wenye maboti, nao walikuwa wameishiwa. Mtu mmoja pale mwaloni, maboti yanapoegeshwa, akamwambia mafuta ni mafuta tu, mbona dumu limejaa hapo nyuma ya gari lako. Shemeji akafungua kifuniko cha giaboksi akamimina mawese.

Kina mama mmeanza kucheka. Chekeni. Hakuna mama wa Ufipa asiyejua mawese yanavyofanya mwezi wa sita, kwamba ukitaka yatoke kwenye dumu unaliotesha moto kwanza. Lakini yeye alikuwa ziwani, kwenye joto, mawese yanatiririka kama maji. Gari likapanda mlima bila kelele yoyote, giaboksi imechemka, mawese yanazunguka. Likafika nyumbani jioni. Shemeji hakusema kitu, akijiambia kesho nitanunua oili na kubadilisha. Gari likalala nje kwenye baridi yetu hii. Alfajiri wakaja watu wana msiba kijijini Kate, wanaomba wawahishwe, maduka hayajafunguliwa bado. Shemeji akawasha gari, akaondoka nao.

Hawakuwa wameiacha Sumbawanga yetu hii mbali. Fundi alinieleza baadaye. Mle ndani mawese yalikuwa yameganda kama ya kwenye sufuria, gia zikajichimbia njia katikati, mafuta yote yakabaki yamekamata pembeni. Beringi zikazunguka kavu. Moja ikajikaba, shafti ikapinda, meno ya gia yakaanza kung'oana. Abiria walisikia kama mawe yanasagwa chini ya miguu yao, kisha gari likasimama na halikutikisika tena. Watu wa msiba walitafuta usafiri mwingine. Shemeji akabaki pale anaduwaa mpaka wakatokea watu wanaokaa kando ya barabara pale, familia ya Wasukuma wanaofuga na kulima. Hawa watu Mungu awabariki. Walifungua shafti za chini gari liweze kuvutika, wakafunga ng'ombe wao wa jembe, wakalivuta mpaka nyumbani kwetu.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake. Alisubiri mlio wa injini, akasikia kwato. Halafu akaliona gari lake linaingia uani likivutwa kama plau, watoto wa mtaa wanalikimbilia kwa shangwe, shemeji kashika usukani, macho ameyainamisha miguuni. Alijaribu kusimama. Akashindwa. Akanionyesha kwa mkono nimgeuzie kiti. Mimi nikadhani jua linamuumiza, nikamgeuza. Akawa anaangalia ukuta.

Na pale ukutani akabaki. Kila asubuhi nikimtoa barazani ananionyesha, geuza. Chakula akawa anafumba mdomo. Kuogeshwa hataki, dawa anaitema nikigeuka. Yale maneno mawili matatu nayo yakakauka. Nilimrudisha hospitali, daktari akampima, akaniita pembeni na kuniambia hajaona ugonjwa mpya, ila mtu aliyekata tamaa dawa haimsaidii. Mwanzoni sikumwelewa. Kisha nikaelewa, na nikaogopa kuliko siku ya kikombe. Mume wangu alikuwa anakufa barazani kwangu, polepole, kwa kukusudia.

Shemeji nilimgombeza mpaka majirani wakaja. Sitasema niliyoyasema, tuko kanisani. Alilia, mtu mzima mwenye watoto. Lakini asubuhi yake alirudi. Nilitegemea atakimbilia kwa wakwe zake, yeye akaja, akapiga magoti mlangoni kwa kaka yake, kaka yake hakugeuka. Basi akaenda kumleta fundi.

Fundi alishusha ile giaboksi, akafungua sahani ya chini. Yakatoka mawese, yamechanganyika na vipande vya chuma vinavyong'aa, meno ya gia, gololi za beringi. Akasema hii haina kushona, itafutwe nyingine. Na nyingine ya aina ile haipo dukani, magari yenyewe yameshazeeka. Ndugu wakakaa kikao. Wakasema liuzwe kama chuma chakavu, kitakachopatikana kimsaidie mgonjwa. Sio watu wabaya, jamani, mimi pia ningekuwa wa nyumba nyingine ningesema hivyohivyo. Nikawaambia siku lile gari litakapokatwa vipande uani kwangu, wawe wameleta na jeneza kabisa. Kikao kikafungwa.

Aliyetuokoa ni yule mwenye ng'ombe. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaniambia bondeni, kule Milepa, nyumbani kwa shangazi yake, kuna Landrova kama hii imekufa injini miaka mingi, imegeuzwa banda la kuku. Tukashuka bondeni, mimi, shemeji na fundi. Tukamkuta bibi mmoja mrefu, ana sauti kama ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tukamwamkia, tukamweleza shida yetu yote, mpaka habari za ukuta. Akasikiliza, akainuka, akazunguka gari lake, akagonga mlango na kuku wakatoka. Kisha akasema: "Giaboksi chukueni, kwangu haitagi mayai. Ila kuku wangu hawalali nje."

Kumbe bei yake ilikuwa ni banda. Fundi alishaona kwamba ili kuitoa giaboksi lazima ang'oe sakafu na viti, ndimo kuku walimotagia. Basi tukajenga. Shemeji akakata miti, fundi akaacha spana akashika nyundo, mimi nikaezeka nyasi na mgongo wangu huu. Bibi alikaa kwenye kigoda anatukosoa. Tulipomaliza kuku wakakataa kuingia, wakarudi kwenye gari, na yeye akasema hatutoi hata nati moja mpaka jogoo aingie. Tukalala kwake. Jogoo aliingia jioni ya siku iliyofuata. Nilicheka siku ile, na nilipojisikia nacheka nikaona aibu, maana nilikuwa nimemwachia jirani mgonjwa asiyekula. Tukapanda na giaboksi yetu juu ya lori la mpunga.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Fundi alitandika turubai uani ili aifungue ile giaboksi. Ilikuwa imejaa vumbi na manyoya, gia nzima lakini zina kutu ya juujuu, na uma wa kusukumia gia umepinda, huo akasema atautoa kwenye giaboksi yetu iliyokufa. Mimi nikamwambia ahamie nyuma ya nyumba. Nikamwambia asigonge sana, asiongee habari za gari, mgonjwa atasikia ataumia. Ndivyo nilivyokuwa naishi. Nilikuwa nimegeuza nyumba nzima iwe ya kunong'ona. Hata wajukuu nilikuwa nawafukuza wasichezee karibu na lile gari. Fundi akawa ameanza kukusanya vyombo vyake.

Nikamletea mume wangu uji wa ulezi. Akafumba mdomo. Nikambembeleza, nikapeleka kijiko tena, akafumba, na jicho moja likatoka chozi likashuka mpaka kwenye ndevu. Ndugu zangu, pale kitu kilinipanda. Sikuwaza. Niliweka bakuli chini, nikashika kile kiti kwa nyuma na yeye ndani yake, nikakivuta na kukizungusha mpaka kikaangalia uani. Nikamwambia, "Kama umeamua kufa, kufa. Lakini kufa ukiwa unatuangalia tunavyohangaika."

 Shemeji alisimama na ndoo mkononi. Mume wangu aliniangalia, na nilidhani macho yale ndiyo ya mwisho kuniangalia nayo. Kisha yakashuka. Yakaenda kwenye turubai, kwenye zile gia zilizopangwa kwa mstari, kubwa mpaka ndogo. Yakakaa hapo.

Fundi hakusema neno la faraja. Alichukua gia kubwa yenye kutu, akachovya tambara kwenye dizeli, akaja akamwekea vyote mapajani. Akamwambia, "Mzee, hii inataka kusuguliwa. Mimi peke yangu sitamaliza."

Mume wangu akashika tambara kwa mkono wa kulia. Akasugua, gia ikateleza, ikaanguka sakafuni. Nikainama kuiokota, fundi akanitazama kwa jicho la kunizuia, akaiokota yeye na kuirudisha palepale. Ikateleza tena. Ndipo mume wangu akafanya jambo ambalo binti wa mazoezi alilipigania kwa miezi. Alishika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaunyanyua kama mtu anayebeba kitu cha mwenzake, akauweka juu ya gia uikandamize. Halafu akasugua. Alisugua mpaka jua likahama barazani. Nilipomletea kijiko akafumbua mdomo bila hata kunitazama, akanywa uji umeshapoa, na huyu ni mtu ambaye chai ikiwa vuguvugu anairudisha jikoni. Mimi nilikwenda kulilia jikoni, kwenye moshi, nisionekane.

Tangu hapo kila gia ilipita mapajani mwake. Fundi angeweza kuzisafisha mwenyewe kwa haraka zaidi, nalijua hilo, na ndiyo maana namwombea. Nguo zote za mume wangu zikanuka dizeli, mashuka yakanuka dizeli. Vidole vya kushoto vikaanza kujikunja kwenye meno ya gia, kwanza kidole gumba, kisha vingine. Akakubali kuogeshwa, maana kutu ilikuwa inamwasha. Na shemeji alipokuwa anapita na ndoo, siku moja akamwonyesha kwa kidevu mahali alipoacha uchafu. Shemeji aliusafisha kama amepewa urithi.

Giaboksi ikafungwa, sili mpya, oili ya gia yenyewe, shemeji akaionyesha kwa kila mtu kabla ya kuimimina. Fundi akatuonya kwamba gia namba mbili ina uchovu, kwenye mteremko itaruka, na mpaka apate kipuri chake itabidi ishikiliwe kwa mkono. Siku ya kulijaribu gari mume wangu akaonyesha kiti cha mbele. Nilibisha. Akaonyesha tena. Tukambeba, tukamweka upande wa abiria. Mnaojua gari mmeshaona. Dereva yuko kulia, abiria yuko kushoto, na kijiti cha gia kiko katikati yao. Mkono wake mzima ulikuwa upande wa kijiti.

Tuliondoka polepole mpaka ule mteremko wa kwenda mtoni, mimi nyuma nimeshika bomba. Katikati ya mteremko gia ikaruka. Gari likajiachia. Mbele kuna korongo, shemeji ana mikono yote miwili kwenye usukani na hawezi kuuachia hata mmoja. Nikaona mkono wa mume wangu unatoka kwenye paja lake na kukamata kile kijiti. Na nikasikia, safi kabisa, sauti ya dereva wangu niliyeolewa naye:

"Kanyaga."

Shemeji akakanyaga klachi. Mume wangu akairudisha gia, akaishikilia kwa nguvu zake zote, gari likajikamata, likateremka polepole mpaka chini. Tuliposimama, shemeji alishuka akafungua boneti akasema anaangalia maji. Aliangalia maji kwa muda mrefu sana. Mimi nilimshika mume wangu bega kutoka nyuma, naye akaniuliza, kwa taabu, kama giaboksi inavuja.

Baadaye kipuri kilipatikana na gia haijaruka tena. Mguu bado anauburuta, maneno bado anayatafuta, sitawadanganya kwamba amepona. Lakini anakula, anameza dawa zake, na anagombana na mimi kuhusu chai.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule fundi, aliyekubali kazi icheleweshwe na mikono ya mgonjwa. Nawashukuru wale wenye ng'ombe, na bibi wa Milepa na jogoo wake. Namshukuru binti wa mazoezi, ambaye sasa mume wangu anamtii. Na shemeji yangu, nilimwambia maneno machungu mbele za watu, kwa hiyo leo namshukuru mbele za watu. Alikosea kama tunavyokosea sote, na hakukimbia.

Ninalowaachia ni dogo. Sisi tunaouguza tunapenda kuwafichia. Tunasema asione, asisikie, asishike, atachoka. Tunawaweka ukutani kwa upendo. Mwenzangu, mgonjwa wako akiwa mkulima, mletee maharage achambue, hata kama atayamwaga. Akiwa mwalimu, mpelekee watoto wa jirani wamsomee kwa makosa. Mpe kazi ambayo kweli unaihitaji, akiidondosha usiwe mwepesi wa kuinama.

Mwenyekiti aliniambia nije naye leo, mumwone, mumpe mkono. Nikampelekea salamu hizo jana. Shemeji alikuwa anapakia magunia ya unga, na yeye ameshakaa kwenye kiti chake cha mbele, mlango wazi, anamhesabia kwa kidole. Alifikiri sana, akayapanga maneno yake, akaniambia, "Waambie niko kazini."